Tezi ya Kondoo na Mke Niliyemnyamazia

Kama wewe unayesoma haya umejifunika blanketi saa saba mchana, hapa Dodoma, katika mwezi ambao hata mijusi inatafuta kivuli, na wenzako wanakucheka, basi nimekuandikia wewe. Wengine wasome tu, wacheke. Mimi mwenyewe nilikuwa nikijicheka, mpaka siku nilipoona hata kucheka kunanichosha.

Kwanza nikiri jambo moja. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilipokuwa kijana nilipelekwa kusoma shule kubwa ya serikali kule pwani, na katika miaka yote ile kitu nilichojifunza vizuri kuliko hesabu na mwandiko ni kwamba sipendi kuwa mbali na kigoda changu. Wenzangu wa darasa moja walikwenda kuwa makarani Tabora na wakalimani huko kwenye maziwa. Mimi niliomba kurudishwa kwetu, nikafanywa mwalimu msaidizi katika shule iliyo karibu na boma, nikajenga tembe yangu hatua mia tatu kutoka darasani. Hatua hizo nilizihesabu kabla sijachimba msingi. Yudita, mke wangu, binti wa milimani Kibakwe, aliponizoea alisema kwao kuna kobe wengi, lakini kobe hutoka mvua ikinyesha.

Kwa hiyo ugonjwa uliponijia haukuwa na haja ya kupiga hodi. Ulinikuta nimekaa, ukakaa nami. Mtu mchangamfu akianza kulala mchana watu huuliza ana nini. Mimi nilipoanza kulala mchana walisema amezidi.

Gari la moshi lilipofika Dodoma kwa mara ya kwanza mji mzima ulikwenda kulitazama, wazee kwa watoto, na wanawake wenye mizigo ya kuni kichwani. Mimi nililisikia likipiga kelele, nikaona inatosha. Yudita aliporudi alinieleza moshi na magurudumu mpaka akachoka, kisha akanitazama. Akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, nina baridi kidogo. Jua lilikuwa limeng'ang'ania ukuta na kuku walikuwa wamefumbua midomo.

Toka hapo mambo yalikuja moja moja, polepole. Uso ulinijaa, hasa chini ya macho, nikawa kama mtu aliyetoka kulia msibani, nami sikufiwa. Ngozi ya miguu ilikauka ikawa ya kenge. Ulimi ulinijaa kinywani kama tonge lisilomezeka. Sauti ilishuka ikawa ya kukwaruza, na watoto darasani wakawa wananiita Mwalimu Chura, wakidhani masikio yangu nayo yamelala. Nywele zilibaki kwenye kitana. Siku moja Yudita alinishika kidevu akaniuliza nusu ya nyusi zangu imekwenda wapi. Nikamwambia zimekwenda Tabora kutafuta ukarani. Alicheka, lakini hakuniachia kidevu upesi. Choo nacho kilikuwa mgeni wa mara moja kwa juma, na safari nyingine hakutokea kabisa.

Jambo ambalo sikuliona, na wengine wote waliliona, ni neno moja: ndiyo. Nilikuwa nasema ndiyo kwa kila mtu. Kukataa kunataka sababu, na sababu inataka kufikiri, na kufikiri kulikuwa kama kupanda kilima na gunia la uwele mgongoni. Mjomba wangu Malogo aliniomba taa yangu ya mafuta, nikasema ndiyo. Dada yangu mkubwa Nyemo aliomba mbuzi jike, nikasema ndiyo. Hapo hakuna aliyelalamika. Lakini Yudita aliponiomba nikachote maji kwa kuwa yeye alikuwa akisaga, nikachukua kibuyu nikaenda kisimani, na Dada Nyemo akaniona. Mwanamume aliyesoma pwani, mwalimu wa serikali, kibuyu begani, nyuma ya wanawake. Dada alirudi kwake bila kunisalimu.

Baada ya siku chache maneno yakawa yamefika mpaka Haneti kwa binamu zetu. Mwalimu amelishwa limbwata. Wanawake wa milimani, walisema, wana mizizi ya kumfanya mume awe kama kondoo. Nasikitika kusema kwamba mwishoni kondoo aliingia kweli katika habari hii, ila si kwa njia waliyodhani.

Sasa nifike mahali ambapo kila nikipakumbuka napata joto la aibu, hata leo ambapo joto ni kitu ninachokishukuru.

Yudita alikuwa ndiye mtu wa kwanza kujua kwamba naumwa. Alituma habari kwa mama yake Kibakwe, na mama akamletea unga wa mizizi katika kifuko cha ngozi, dawa ya kulainisha tumbo. Alijua sipendi dawa. Akaitia kwenye uji, lakini hakunificha. Jioni moja, tumekaa mekoni, aliniambia wazi: mume wangu, nimetia dawa ya mama humu, umenisikia? Nikasema ndiyo. Nikanywa.

Uwele ulipoanza kutoa mashuke, Dada Nyemo alikuja kutusaidia kufagia, kama alivyosema, akakikuta kile kifuko nyuma ya mtungi. Siku ya pili yake walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha tembe yangu: Mjomba Malogo, ambaye kwa kuwa wazazi wetu walikwisha kufa ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kwetu, wazee wawili wa jirani, dada yangu, na mke wangu chini mbele yao. Mimi nilikuwa kwenye kigoda, na blanketi.

Dada aliweka kifuko mbele ya mjomba. Mjomba alimwuliza Yudita ni nini. Akasema ni dawa. Akamwuliza anaitia wapi.

"Kwenye uji wa mume wangu," Yudita alisema.

Wazee walitazamana. Hawakutegemea kazi iwe rahisi namna ile.

"Muulizeni mwenyewe," akasema. "Nilimwambia. Anajua."

Mjomba akanigeukia. Yeye ni mtu wa mizaha, kila akiniona hunitania kwamba mchwa watakula kigoda nami nikiwemo, lakini siku ile hakutania.

"Mpwa wangu, ulijua?"

Nilisikia swali. Lazima mlielewe hilo, maana baadaye watu wengi walinipa udhuru kwamba sikusikia. Nililisikia, na jibu nililijua. Lakini kutoka kwenye kujua mpaka kwenye ulimi palikuwa mbali mno. Nilitazama kifuko, nikautazama mguu wa mjomba. Nilimwona Yudita akinitazama, akingoja. Niliona inzi ametua kwenye blanketi na nikafikiri nimfukuze au nimwache. Mjomba aliuliza tena. Kisha mmoja wa wazee alisema, jamani, si mnaona alivyo, mnamwuliza mtu aliyefungwa kama amefungwa.

Mjomba akasema Yudita arudi kwa wazazi wake mpaka mume apate akili zake. Dada akachukua kifuko akakifunga katika pindo la nguo yake, kuwa ushahidi. Wakainuka, wakakung'uta vumbi, wakaondoka.

Uwanja ulipokuwa mtupu nilisema, "Nilijua."

Walionisikia walikuwa kuku.

Yudita alitoka ndani na mzigo wake mdogo. Hakulia. Alinipita, akafika kwenye pembe ya tembe, akarudi. Blanketi lilikuwa limeniteleza bega moja. Akalipandisha, akalikunja vizuri shingoni, kama mtu anavyofunga mlango wa nyumba ambayo hajui atarudi lini. Kisha akaenda zake.

Dada Nyemo akawa ananipikia. Alingoja nipone, kwa kuwa anayenilisha limbwata hayupo tena. Akanipikia ugali na mlenda, akanichinjia kuku, akaniombea. Uwele ukavunwa. Upepo wa kipupwe ukaanza kupuliza vumbi jekundu. Nikazidi. Asubuhi moja nililala nimesimama mbele ya ubao, chaki mkononi, katikati ya neno, na watoto wa darasa la kwanza wakakaa kimya kabisa, wakingoja herufi iliyobaki. Sijawahi kuwa na darasa lenye adabu kama lile. Mwalimu mkuu aliandika barua na kunipeleka kwa mganga wa serikali, na katika barua aliandika neno moja ambalo, nilipomsomea, lilimfanya dada yangu akae chini barabarani: malale.

Hapa watu wote walikuwa wamesikia habari za malale, ugonjwa wa kusinzia, na kambi zilizo huko maziwani ambako wagonjwa hupelekwa. Hakuna tuliyemjua aliyekwenda akarudi kutusimulia.

Tulikaa kwenye baraza ya hospitali asubuhi nne mfululizo. Kulikuwa na mabenchi ya mbao za reli, harufu ya dawa kali, na bati lililolia kila upepo ukipita. Walikuwepo watu wa reli waliosagwa vidole, mama na mtoto mwenye macho mabaya, na mzee mmoja aliyekuwa akitolewa funza mguuni huku akihesabu kwa sauti kama anahesabu ng'ombe. Wote walihangaika, walisimama, waliuliza zamu. Mimi sikuhangaika. Yule mzee wa funza aliniinamia akaniuliza, mwenzangu, umekuja kuugua au kungojea? Dada alimkemea. Lakini alisema kweli: mtu kama mimi, kungoja ndiyo kazi pekee niliyokuwa naifanya vizuri.

Bwana Mganga, Mdachi, yaani Mjerumani, mwenye vidole baridi, alinibonyezabonyeza shingo. Dada alikuwa ameambiwa kwamba malale hujulikana kwa matezi ya shingo yaliyovimba, kwa hiyo aliviangalia vile vidole kama mtu anayeangalia nyoka akipita karibu na mtoto. Bwana Mganga akanitoa damu, akaitazama kwenye kioo chake cha kukuzia wadudu. Akanibonyeza tena, mbele ya koo, chini ya kikoromeo. Akaniambia nimeze mate. Akanifunua macho, akapitisha kidole pale ambapo nyusi zangu zilikuwa zikikaa. Siku ya nne alikaa kwenye meza, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata:

"Malale hapana. Wewe si mgonjwa wa usingizi. Wewe tezi yako imelala."

Kila mtu, alieleza, ana tezi hapo kooni, kinyama kidogo, na kinyama hicho hutia kitu chake katika damu, na damu hukipeleka kwenye moyo, tumbo, ngozi, kichwa, kila mahali, kuuamsha mwili ufanye kazi. Yangu ilikuwa imenyauka. Alitafuta shingoni akakuta karibu hakuna kitu.

Sikuelewa mengi zaidi ya hayo na sitajifanya nimeelewa. Ila nilishtuka, kadiri mtu wa mwendo wangu alivyoweza kushtuka, yaani mshtuko ulinifika nusu ya njia ya kurudi nyumbani. Nilikuwa nimeishi miaka yote nikiamini kwamba mimi ndiye ninayependa kukaa, mimi ndiye mpole, mimi ndiye niliyesema ndiyo. Kumbe alikuwepo mwingine anayesema kwa ajili yangu, naye ni kinyama cha kooni.

Lakini aliyeshtuka zaidi alikuwa dada. Alikuwa amefungua pindo la nguo, akatoa kile kifuko, akamwambia mganga kwamba ugonjwa umetoka humo. Bwana Mganga alinusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Hii kwa tumbo kufunguka. Nzuri. Nani alimpa?"

"Mkewe," dada alisema kwa sauti ndogo.

"Mwambie aendelee."

Tulipofika kwenye tembe dada alikiweka kifuko nyuma ya mtungi, palepale alipokitoa, akasimama akikitazama.

Sasa dawa. Bwana Mganga alisema kuna vidonge vinavyotengenezwa Ulaya kwa tezi za kondoo, ataviagiza. Viliagizwa. Kama vinasafiri kwa mwendo niliokuwa nao mwaka ule, watakaovipokea ni wajukuu. Kwa muda ule akasema: kondoo mwenyewe yupo hapa. Nusu ya tezi moja, mara mbili kwa juma, ikatwe ndogo ndogo, ipashwe moto kidogo tu. Akanichorea kwenye karatasi koo la kondoo, na vijinyama viwili pembeni. Akasema mara mbili: dawa, si chakula.

Nilipeleka karatasi kwa Bwana Shabani, mchinjaji, Mrangi wa Kondoa aliyekuwa na banda lake karibu na stesheni. Akaipindua, akaipindua tena, akapasua koo la kondoo wa asubuhi ile, akavikuta: viwili, vyekundu vya kuiva, kama maharage makubwa. Akafuta kisu.

"Tangu nimebalehe nachinja," akasema. "Kisu changu kinapita jirani na hawa kila siku, wala hatujawahi kusalimiana."

Lakini banda la Shabani halikuchinja kondoo kila juma, na nyumbani kwetu, kondoo akichinjwa, kila kiungo kina mwenyewe. Katika ukoo wetu shingo ni ya mjomba. Huwezi kuigusa bila kumvunjia heshima. Ikabidi niende kwa mtu aliyemfukuza mke wangu, nimwombe shingo yake.

Mjomba Malogo alisikiliza habari yote, ya tezi na ya kifuko. Akajikuna goti.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema mwisho, "mimi ndiye niliyekuwa nakula akili zako."

Akatoa ruhusa. Kisha, nilipokuwa mlangoni, akasema bila kunitazama kwamba mtoto wa watu tumemwonea.

Juma la kwanza hakuna kitu. Juma la pili hakuna kitu, isipokuwa nilijichukia kwa ile ladha. Katika juma la tatu, asubuhi ya upepo, watu wakipita njiani wamejikunyata, niliamka nikakuta blanketi liko sakafuni. Nilikuwa nimelisukuma mwenyewe. Kwapani palikuwa na jasho. Nilikaa nikanusa jasho langu mwenyewe na nikalia kama mtoto. Kisha mwili ukaanza kujitoa maji. Nilikojoa siku tatu kama mtu anayelipwa kwa kazi hiyo, na uso ukapungua kama kiriba kilichotobolewa. Ngozi ikabambuka. Sauti ikapanda. Darasani nilimwita kwa jina mtoto aliyekuwa akinong'ona neno Chura, naye akaruka kama aliyeona maiti imekaa kitako.

Ningependa kusema kwamba nilifurahi. Lakini usingizi unapoondoka, unakuacha na uliyoyafanya ukiwa umelala. Niliikumbuka siku ile kivulini, swali la mjomba, inzi, macho ya Yudita yakingoja. Nililikumbuka blanketi alilolipandisha. Nilishindwa kula.

Hapo ndipo dada yangu alipotaka kulipa kosa lake, na karibu aniue.

Ilikuwa majira ya sherehe baada ya mavuno. Kila kijiji kinachinja. Dada alipeleka habari kwa kila jamaa kwamba shingo ya kondoo ni dawa ya mdogo wake. Wajomba wa koo nyingine, watu ambao sijawahi kuwaona, wakaacha haki yao na kuniletea shingo, kwa miguu, toka Haneti, toka Chimwaga. Na kwetu nyama iliyoletwa na jamaa hairudishwi, wala haitupwi. Kuikataa ni kumtukana aliyeileta. Wao walikaa mlangoni kuniona nikila. Mimi, mwanafunzi wa shule kubwa, niliyeambiwa mara mbili dawa si chakula, nilikula zote. Nilikula kwa adabu.

Baada ya siku kumi nilikuwa mtu mwingine, na si mtu mzuri. Moyo ulinipiga hadi shati likacheza. Mikono ikatetemeka, mwandiko wangu ubaoni ukawa kama nyayo za kuku. Sikulala. Nilimfokea mwalimu mkuu. Nilihamisha mawe ya mekoni mara tatu. Mimi, mtu wa hatua mia tatu, nilitembea mji mzima kabla ya kengele ya asubuhi, kisha siku moja nikapanda gari la moshi, lilelile nililokataa kulitazama, nikashuka Gulwe, nikapanda milima ya Kibakwe kwa miguu bila kupumzika, nikazungumza peke yangu njia nzima.

Nilimkuta Yudita kwenye uwanja wa baba yake anapepeta mtama. Sikuamkia wazee. Nilianza kusema, nikasema yote kwa mara moja, tezi, kifuko, mganga, twende, vaa, gari linaondoka, nimekwisha kupanga, kwa nini umekaa. Macho yalinitoka. Jasho lilinichuruzika. Yeye aliweka ungo chini, akanitazama kwa muda, vilevile alivyonitazama siku ya gari la moshi.

"Yule aliyeninyamazia mnasema ilikuwa tezi," akasema. "Na huyu anayenifokea naye ni tezi. Mwenyewe akija, nitamjua."

Akachukua ungo akaingia ndani. Baba yake, mtu wa heshima, alinipa maji na kunionyesha njia.

Bwana Mganga aliponiona tena alinishika mkono, akahesabu mapigo ya moyo, akaacha kuhesabu, akagombeza kwa Kijerumani. Akaamuru kwa mwezi mzima nisile hata kinyama kimoja. Dada akazunguka kwa jamaa wote kuwashukuru na kuwaomba wale shingo zao wenyewe. Kisha tukaanza upya, nusu ya harage, Jumanne na Ijumaa, Shabani akikata kwa wembe aliouweka kwa kazi hiyo tu.

Nimeambiwa wengine hupona upesi zaidi. Mimi nilihesabu kwa mawingu. Yalipoanza kukusanyika upande wa mashariki, moyo ulikuwa umetulia. Mvua ya kwanza ilipopiga mavumbi, niliamka nikakuta sina baridi wala joto, sina haraka wala uzito. Nilikaa kwenye kigoda changu kwa kuwa nilipenda kukaa. Nikajipima: je, huyu ni mimi? Sikujua. Mpaka leo, nikimjibu mtu vibaya, huwa najiuliza ni mimi au ni ile ya Jumanne. Hilo ni jambo la kutisha, sitakudanganya. Utalizoea, lakini halitaisha.

Kwako wewe mwenye blanketi, nenda ukabonyezwe shingo. Usingoje mpaka ulale umesimama. Ukipata dawa, kula kiasi ulichopewa, hata jamaa wote wamekaa mlangoni. Na mtu wa kwanza aliyekuuliza kama unaumwa, msikilize huyo.

Nilikwenda Kibakwe mara ya pili pamoja na waliotakiwa kwenda, kwa kuwa waliomfukuza mke ndio wanaopaswa kumfuata: Mjomba Malogo, na Dada Nyemo, na kondoo mmoja wa kuomba radhi, ambaye alipanda ile milima kwa moyo mkunjufu kuliko mimi. Safari hii miguu iliniuma. Nilimlalamikia mjomba juu ya matope, juu ya mawe, juu ya mtu wa kwanza aliyefikiri kujenga nyumba juu ya mlima. Tulipoingia uwanjani niliwaamkia wazee, shikamooni, na kabla ya jambo lolote nikaomba kigoda.

Yudita alikuwa mlangoni. Niliona mdomo wake unataka kucheka, akauzuia.

Dada alimwomba radhi akiwa amepiga magoti, na mjomba akasema lake. Kisha ikawa zamu yangu. Wote walitegemea nitaje tezi. Nilisema kwamba tezi ilikuwa imelala, ni kweli, lakini masikio yangu yalikuwa macho. Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa zito, nikaona ni rahisi zaidi kuliacha. Hiyo sehemu ya mwisho haikuwa ya ugonjwa, nilizaliwa nayo.

Baba yake Yudita akamchinja kondoo. Ilikuwa Ijumaa. Yudita akaiomba shingo, na wazee wakamtazama Mjomba Malogo, mwenye haki, naye akaitikia kwa kichwa. Akaniomba karatasi ya mganga. Akaifuatisha kwa kisu, polepole, akakitoa kinyama, akakipasua nusu, akakikata, akakipasha moto, akakitia katika bakuli la uji. Dada yangu ndiye aliyemshikia bakuli. Akaja nalo katikati ya uwanja, mbele ya watu wa kwao na wa kwetu, akasimama mbele ya kigoda changu.

"Mume wangu," akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote, "unajua nilichotia hu—"

"Najua," nikasema.

Akaniambia nisimkatize anapozungumza.